Kuzifuata Alama za Histoni Siku Baada ya Siku: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Maabara

Mtu aingiaye maabara kwa azma ya kujua kwa nini jeni iliyokuwa ikifanya kazi jana imenyamaza leo, ilhali maandishi yake ya DNA hayakubadilika hata herufi moja, hana budi kulishika jambo moja kabla hajagusa chombo chochote: kwamba jibu la swali lake aghalabu limo katika histoni, yaani zile protini ambazo DNA imezungushwa juu yake, na kwamba jibu hilo halipatikani kwa kupima mara moja. Alama ya kikemikali iliyokutwa juu ya histoni saa moja ya siku moja yaweza kuwa ndiyo sababu ya jeni kunyamaza, yaweza kuwa matokeo ya kunyamaza kwake, na yaweza kuwa ni masalio tu ya jambo lililopita zamani. Wala hakuna kiwezacho kuyapambanua hayo matatu ila mfululizo wa vipimo vilivyochukuliwa kabla ya jambo, wakati wa jambo, na baada ya jambo kwisha. Ni rahisi mno kuchora picha nzuri ya siku moja kisha kuitolea hukumu ya milele, na kazi njema nyingi hupotea kwa njia hiyo. Ndiyo maana nimeona vema kuuandika mwongozo huu kwa ajili yako wewe unayeanza.

Kwanza kijue vema kitu unachotaka kukipima. Histoni ziligunduliwa mwaka 1884 na Mjerumani Albrecht Kossel katika chembe za damu za bata bukini, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu walizihesabu kuwa ni protini za kufungia DNA tu, zisizo na neno katika kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi itulie. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walionyesha kwamba histoni hutiwa asetili na methili baada ya kuundwa kwake, wakapendekeza kwamba mabadiliko hayo yana uhusiano na utengenezaji wa RNA. Lakini pendekezo hilo lilikaa zaidi ya miaka 30 bila ya kupata ithibati iliyo bayana, mpaka mwaka 1996, kundi la David Allis lilipokipata, katika kiumbe mdogo wa majini aitwaye Tetrahymena, kimeng'enya kitiacho asetili katika histoni, wakakikuta kuwa ni ndugu wa Gcn5 ya hamira, protini iliyokwisha kujulikana tangu zamani kwa kuamsha jeni. Mwaka uliofuata Karolin Luger, Timothy Richmond na wenzao huko Zurich walitoa sura kamili ya nyukliosomu, ambayo ni histoni nane, mbili mbili za H2A, H2B, H3 na H4, zilizozungukwa na jozi za DNA zipatazo 147.

Katika kila histoni hizo huchomoza mkia mwembamba usio na umbo maalumu, na mkiani humo ndimo mambo mengi yanamotendeka. Lisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino za mkia, ina chaji chanya, na kwa hiyo huishikilia DNA ambayo chaji yake ni hasi. Asetili ikitiwa juu ya lisini, chaji ile huondoka, mshiko hulegea, na protini nyingine zenye sehemu ya kuitambua asetili huja na kukaa. Methili haiondoi chaji hata ikiwa tatu. Nguvu yake yote hutokana na protini zinazoitambua na kuitii, nazo hutofautiana kulingana na lisini iliyotiwa. Yeyote aliyewahi kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu atalielewa jambo hili upesi, maana herufi husimama palepale, na ni fat-ha, kasra na dhuma zilizoandikwa juu na chini yake zinazomwelekeza msomaji namna ya kuitamka.

Majina ya alama hizi yasikutishe. Ukikuta H3K27me3, jua kwamba H3 ni histoni, K ni herufi iwakilishayo lisini, 27 ni mahali pa lisini hiyo kuanzia ncha ya mkia, na me3 ni methili tatu. Kadhalika H3K9ac ni asetili juu ya lisini ya 9. Zitoshe kwako kwa kuanzia alama nne za methili tatu: H3K4me3, ambayo huonekana mwanzoni mwa jeni zinazofanya kazi, H3K36me3, ambayo hutandazwa mwilini mwa jeni zinazosomwa, H3K27me3, ambayo ni ya kundi la protini liitwalo Polycomb na hukaa juu ya jeni zilizonyamazishwa ambazo huenda zikahitajika tena, na H3K9me3, ambayo huandamana na protini HP1 katika sehemu zilizofungwa sana. Tena kila alama ina waandishi wake na wafutaji wake, na mpaka mwaka 2004, Yang Shi na wenzake walipokionyesha kimeng'enya LSD1, watu wengi waliamini kwamba methili ikishawekwa haiondoki.

Umri wa alama ndio utakaoamua nafasi baina ya vipimo vyako, na hapa sharti utulie na kufikiri kabla ya kupanga ratiba. Asetili nyingi huwekwa na kufutwa kwa dakika. Seli ikipata habari mpya, asetili huitika upesi, na habari ikiondoka, nayo huondoka. Methili za kunyamazisha huenda polepole, kwa saa na siku, na mara nyingi huhitaji vizazi kadhaa vya seli ili zikamilike. Fauka ya hayo, kila seli inapojinakili DNA yake ili igawanyike, histoni za zamani hugawanywa baina ya nakala mbili na histoni mpya zisizo na alama hizo huja kujaza nafasi zilizobaki, hata alama ikapungua takriban kwa nusu kwa mgawanyiko mmoja, isipokuwa pawe na kimeng'enya kiisomacho alama ya zamani na kuiandika upya juu ya histoni za jirani. Basi atakayepima asetili mara moja kwa wiki atakosa jambo lenyewe, na atakayepima H3K27me3 kila baada ya dakika tano atapoteza mali na nguvu bure.

Kwa kujifunzia, nakushauri uishike jeni moja ambayo historia yake imechunguzwa hatua kwa hatua, nami sijui iliyo bora kuliko FLC ya mmea Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya haradali. Kazi ya FLC ni kuuzuia mmea usichanue maua. Mmea uliootea nchi za baridi huibakiza jeni hiyo ikifanya kazi mpaka majira ya baridi yapite, na baridi ikidumu kwa wiki kadhaa jeni hunyamaza, na, hili ndilo la kustaajabisha, hubaki imenyamaza hata joto lirudipo, kwa miezi yote iliyosalia ya maisha ya mmea, ijapokuwa baridi iliyoinyamazisha haipo tena. Halafu katika mbegu ya kizazi kinachofuata alama hufutwa, na mche mpya huanza tena kuingojea baridi yake wenyewe. Caroline Dean na Martin Howard, pamoja na wenzao wa John Innes Centre huko Norwich, Uingereza, wameifuata jeni hii kwa miaka mingi, na kazi yao ni chuo kamili cha namna ya kuusoma wakati katika histoni.

Mambo hupita hivi. Katika wiki za kwanza za baridi, usomaji wa FLC hupungua, na alama ya H3K36me3 iliyokuwa juu yake hushuka pamoja nao. Wakati huohuo protini VIN3, ambayo haikuwapo kabla, huongezeka kidogo kidogo, wiki hata wiki, hata ikawa mmea unao hesabu ya muda wa baridi katika kiasi cha VIN3. Protini hiyo hushirikiana na Polycomb kuiweka H3K27me3 katika eneo dogo lenye nyukliosomu chache tu, karibu na mwanzo wa jeni, wala haivuki hapo kadiri baridi inavyodumu. Mmea urudishwapo penye joto, VIN3 hutoweka upesi. Lakini alama, badala ya kuifuata, hutandaa juu ya jeni nzima, jeni yenye urefu wa jozi 6,000 hivi, na kutandaa huko huhitaji seli ziwe zinagawanyika. Zingatia, msomaji, kwamba mtu angepima mwisho wa baridi peke yake angeona alama ndogo mahali padogo na kusema haina maana. Na mtu angepima baada ya joto peke yake angeona alama kubwa na kusema joto ndilo liletalo ukimya. Wote wawili wangekuwa na vipimo sahihi na hukumu batili.

Sasa upange ratiba yako. Tumia aina ya mmea ambayo jeni yake FRIGIDA ni nzima, kwa sababu aina ya Columbia inayotumika sana maabarani ina FRIGIDA mbovu, na FLC yake iko chini tangu mwanzo, hata huna cha kukiona kikishuka. Otesha miche penye nyuzi 20 hivi za Selsiasi kwa siku 7 hadi 10, uchukue sampuli ya kwanza. Uipeleke miche penye nyuzi 5, uchukue sampuli nyingine baada ya wiki 2, 4 na 6. Kisha uirudishe penye joto, uchukue sampuli baada ya siku 7 na baada ya siku 14. Sampuli hizi mbili za mwisho ndizo ambazo mtu mwenye haraka huziacha, nazo ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kilichobaki baada ya sababu kuondoka. Usisahau mimea ya kulinganishia ambayo haikupata baridi kamwe, na katika kuichagua angalia idadi ya majani na hali ya ukuaji kuliko tarehe za kalenda, maana mche uliokaa wiki sita baridini hukua kidogo sana, na mwenzake wa tarehe ileile aliyekaa penye joto amekwisha kuwa mzee.

Saa ya kuchuma nayo ina hukumu yake. VIN3 hupanda na kushuka katika mzunguko wa mchana na usiku, na jeni nyingine nyingi hufanya vivyo hivyo; basi ukichuma sampuli moja asubuhi na nyingine jioni, tofauti utakayoiona haitakuwa ya wiki bali ya saa. Chagua saa moja, uishike mpaka mwisho. Vilevile chagua kiungo kimoja. Jani lililokwisha kukomaa kabla ya baridi limejaa seli zisizogawanyika tena, na jani lililozaliwa baada ya joto kurudi limejaa seli zilizogawanyika mara nyingi. Kwa kuwa kutandaa kwa alama hutegemea mgawanyiko, kuyachanganya majani hayo mawili katika kichupa kimoja ni kuchanganya majira mawili. Na katika kila chumo tenga sehemu ya sampuli kwa ajili ya kupima RNA ya jeni ileile, ili uwe na habari mbili za wakati mmoja: hali ya alama na hali ya kazi.

Njia ya kuzipima alama ni ile ya kuikamata kromatini kwa kingamwili, nayo hufuata mpango ufuatao. Miche ipatayo gramu 2 au 3 huzamishwa katika formaldehaidi ya asilimia 1, ndani ya chombo kilichovutwa hewa ili dawa ipenye, kwa dakika 10 hadi 15, ipate kuzifunga protini juu ya DNA palepale zilipo. Kisha hutiwa glisini ya molari 0.125 kwa dakika 5 ili kuizima dawa. Kazi hii ifanyie ndani ya kabati la kuvutia hewa, na mikono yako iwe na glavu, kwa kuwa formaldehaidi ni sumu kwa macho, kwa pumzi na kwa ngozi. Usizidishe muda kwa kudhani kwamba kufunga zaidi ni bora zaidi. Kromatini iliyofungwa kupita kiasi haikatiki, na kingamwili haifiki mahali pake. Osha miche kwa maji, ikaushe kwa karatasi, igandishe katika nitrojeni ya majimaji, na uihifadhi mpaka sampuli za ratiba nzima zitimie, upate kuzishughulikia zote kwa siku moja, kwa bafa ileile na kwa chupa ileile ya kingamwili. Anayezishughulikia sampuli za wiki ya pili leo na za wiki ya sita mwezi ujao hawezi kujua kama tofauti imetoka katika mmea au mkononi mwake.

Siku ya kazi, saga miche ikiwa imeganda, toa viini vya seli, na uikate kromatini kwa mawimbi ya sauti, kwa vipindi vifupi na mapumziko baina yake, chombo kikiwa katika barafu, mpaka vipande vingi viwe na urefu wa jozi 200 hadi 500. Hakikisha urefu huo kwa jeli ya agarosi kabla ya kuendelea, kwa kuwa vipande vikiwa virefu, alama iliyo mwanzoni mwa jeni itaonekana kana kwamba iko katikati, na lile eneo dogo la FLC nililolitaja litapotea machoni pako. Ikiwa asetili ni miongoni mwa alama unazozitafuta, tia sodiamu butireti katika bafa zako zote ili kuvizuia vimeng'enya vifutavyo asetili, ambavyo havingoji ruhusa kuanza kazi seli inapopasuka. Weka kando sehemu ndogo ya kromatini ambayo haitatiwa kingamwili, ndiyo utakayoilinganishia. Iliyobaki igawe mafungu, kila fungu na kingamwili yake, na fungu moja lipewe kingamwili isiyolenga kitu. Baada ya usiku mmoja penye nyuzi 4, vishanga vya sumaku huikusanya kingamwili pamoja na ilichokikamata. Huoshwa kwa bafa za chumvi inayozidi. Kisha vifungo vya formaldehaidi hufunguliwa kwa joto la nyuzi 65 usiku kucha, protini huyeyushwa, na DNA iliyobaki hupimwa kwa PCR mahali kadhaa pa jeni: kabla ya mwanzo wake, katika lile eneo dogo, katikati ya mwili wake, na karibu na mwisho.

Kuhusu kingamwili nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo penye hatari isiyoonekana. Tazama mkia wa H3 kwa karibu. Lisini ya 9 imetanguliwa na alanini na arginini, na kufuatwa na serini. Nenda mbele mpaka lisini ya 27, utakuta imetanguliwa na alanini na arginini, na kufuatwa na serini. Kingamwili iliyotengenezwa ili kuitambua methili juu ya lisini ya 27 huyaona mazingira yaleyale juu ya lisini ya 9, na isipokuwa imechujwa kwa makini, itaikamata hii na ile bila ya kubagua. Nawe utaandika Polycomb mahali palipo HP1. Basi usiridhike na maneno yaliyobandikwa kwenye chupa. Ijaribu kingamwili juu ya vipande vya mkia vyenye alama zinazojulikana, ukipima ni ngapi inazikamata kwa haki na ngapi kwa makosa, na ukipata mmea au hamira isiyo na kimeng'enya kiwekacho alama hiyo, ijaribu humo pia, kwa kuwa kingamwili iliyo njema haina budi kurudi mikono mitupu. Vipimo hivi huchosha, navyo havitajwi sana katika karamu za wanasayansi, lakini hesabu nzima husimama juu yake.

Hesabu yenyewe ifanye kwa hatua. Kwanza toa asilimia ya DNA iliyokamatwa kwa kulinganisha na lile fungu lililowekwa kando. Pili gawa kwa kiasi cha H3 yote, bila kujali alama, mahali palepale. Kwa maana alama hupungua kwa njia mbili, ama kwa kufutwa, ama kwa nyukliosomu yenyewe kuondoka, na asiyepima H3 hawezi kuzitofautisha. Tatu linganisha na jeni ambayo hali yake haibadiliki katika jaribio lako: kwa H3K27me3 watu wa Arabidopsis hutumia STM, ambayo majanini imefunikwa na alama hiyo daima, na kwa H3K36me3 hutumia jeni ya aktini. Ikiwa unachunguza dawa au badiliko liwezalo kuigusa alama katika jenomu nzima, ulinganisho huo hautoshi, kwa kuwa hata kigezo chako kitashuka pamoja na vingine. Hapo ongeza katika kila sampuli, kabla ya kuitia kingamwili, kiasi kilekile cha kromatini ya kiumbe kingine, kama vile inzi Drosophila, iwe kipimo kisichoguswa na jaribio. Na yote haya yarudiwe kwa mimea mitatu ya asili mbalimbali walau, si kwa kuipima mara tatu sampuli moja.

Ukishapata namba, jilinde na kosa la wastani. Tuseme baada ya wiki kadhaa za baridi umeona alama ya FLC imefika nusu ya kilele chake. Huenda kila seli imejaa nusu. Na huenda nusu ya seli zimejaa kabisa na nusu hazina kitu. Kichupa kilichosagwa hakiwezi kukuambia lipi ndilo. Mwaka 2011 kundi la Norwich lilionyesha kwamba katika FLC ukweli ni wa pili: kila seli huamua ndiyo au la, na urefu wa baridi huongeza tu idadi ya seli zilizokwisha kuamua. Mwaka 2015 wakaenda mbele zaidi, wakazitia nakala mbili za FLC zilizomo katika seli moja rangi mbili zing'aazo, wakaona kwamba nakala moja yaweza kunyamaza ilhali ya pili, katika kiini kilekile na miongoni mwa protini zilezile, inaendelea kufanya kazi. Ushahidi huo ni mzito sana, kwa sababu unabainisha kwamba kumbukumbu imo katika kromatini ya nakala yenyewe, wala haielei katika majimaji ya seli. Kwa hiyo kila uwezapo, ongeza katika kazi yako njia moja ya kuitazama seli mojamoja, hata ikiwa ni jeni yenye rangi chini ya hadubini na si zaidi.

Limebaki swali gumu la sababu na matokeo. H3K36me3 ni mfano wa kukuonya: kimeng'enya kiiwekacho katika hamira, Set2, husafiri pamoja na RNA polimerasi inapoisoma jeni, hata alama hiyo kwa sehemu kubwa ni athari ya usomaji uliokwisha kupita, na mtu akisema kwamba ndiyo iliyoiamsha jeni amegeuza mambo kichwa chini. Ukitaka kudai kwamba alama ni sababu, igeuze histoni yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa inzi Drosophila walibadilisha lisini ya 27 ya H3 kuwa arginini, ambayo Polycomb haiwezi kuitia methili, na jeni zilizopaswa kunyamaza zikaamka kana kwamba Polycomb yenyewe haipo. Huo ndio ushahidi. Na ukitaka kudai kwamba alama ni kumbukumbu, iondoe sababu iliyoileta uone kitakachobaki. Katika hamira Schizosaccharomyces pombe, maabara mbili mnamo mwaka 2015 zilikilazimisha kimeng'enya Clr4 kukaa mahali pasipo pake, kikaweka methili juu ya lisini ya 9 na jeni ikanyamaza. Kilipoachiliwa kiondoke, alama ilifutika upesi, lakini katika hamira isiyokuwa na protini Epe1, ifutayo alama hiyo, ilidumu kwa vizazi vingi vya seli. Kumbukumbu, basi, ni mizani baina ya mwandishi na mfutaji, na kwa hiyo katika ratiba yoyote usimpime mmoja ukamwacha mwenziwe.

Kwa sisi tuishio penye malaria, elimu hii haiishii katika maua ya Norwich. Kimelea Plasmodium falciparum kina jeni zipatazo 60 za jamii ya var, na kila kimelea hutumia moja tu kwa wakati mmoja, kikitoa protini PfEMP1 juu ya chembe nyekundu ya damu. Kinga ya mgonjwa ikiitambua protini hiyo, vimelea vilivyokwisha kugeukia jeni nyingine huokoka, na maradhi huendelea. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba mtoto huugua hususani kwa vimelea ambavyo bado hana kingamwili ya protini zake. Jeni za var zilizonyamaza hufunikwa na H3K9me3 na protini HP1, na ile moja inayofanya kazi huwa na H3K9ac na H3K4me3. Tena jeni hiyo moja husomwa katika saa za mwanzo za mzunguko wa saa 48 ndani ya chembe ya damu, kisha usomaji husimama. Lakini katika saa za baadaye hubaki na alama ya H3K4me2, na mzunguko mpya unapoanza ndiyo inayorudi kufanya kazi. Yaani jeni moja hupita katika hali tatu, ya kazi, ya kungoja na ya kunyamaza, na mwenye kupima saa ya 36 peke yake huweza kuidhania ile inayongoja kuwa imenyamaza.

Ukiipeleka ratiba yako kwa kimelea hiki, badili mambo manne. Kingamwili ya H3K27me3 iache, kwa kuwa kimelea hakina vimeng'enya vya kundi la Polycomb. Vipimo vyako vihesabu kwa saa, si kwa wiki. Vimelea vyote viwe na umri mmoja, na hilo hupatikana kwa kuvitia katika sobitoli ya asilimia 5, ambayo huviua vilivyokomaa na kuviacha vichanga. Rudia baada ya mzunguko mmoja, kisha chukua sampuli karibu na saa ya 12, saa ya 36, na saa ya 12 ya mzunguko unaofuata, ukipima RNA ya var pamoja na alama zake kila mara. Mwisho, anza na kimelea kilichotokana na mzazi mmoja, na siku ileile ya kukipata gandisha sehemu ya wazao wake katika gliseroli, maana kila mzunguko unaopita baadhi ya wazao wake hugeukia var nyingine, na vimelea vilivyokaa miezi mingi katika chombo huwa ni mchanganyiko usioweza kutofautishwa na ule uliokuwa nao kabla ya kuanza.